Msingi Mmoja, Bia Mbili

9 Machi

Mpwa wangu Kipimo,

Pokea salamu nyingi za mjomba wako, fundi bomba mstaafu ambaye majirani wanajifanya hawajui kama amestaafu. Sisi hatujambo. Yale mafua yaliyonilaza Januari nzima yamekwisha. Naamka, natembea, nagombana na watu kama kawaida. Mkaza mjomba wako hayupo. Amekwenda kwa binti yetu mkubwa aliyejifungua mtoto wa kiume, na atakaa huko wiki tano. Kitinda mimba wetu naye amepata mchumba, mwalimu wa hesabu, kijana mpole anayefuta viatu mlangoni mpaka unamwonea huruma. Harusi ni tarehe 12 Desemba, na bia ya harusi nitapika mimi. Nimeshawatangazia wazazi wa kijana, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma.

Sasa mambo yetu. Nimepika msingi wa mwaka huu. Utaratibu ni uleule wa miaka sita: shayiri ileile iliyomea na kukaushwa, maji yaleyale, sufuria ileile. Nusu ya maji yake matamu nimeibakiza hapa nitengeneze bia yangu nyepesi ya rangi ya dhahabu. Nusu nyingine nimeichemsha mpaka ikawa nzito kama asali, nikaitia kwenye makopo mawili na kuyalehemu vifuniko kwa mkono wangu, usije ukasema yalivuja njiani. Yanakuja kwa basi. Wewe ongeza maji, tia hamira, uigeuze iwe bia ya aina yoyote unayotaka, mradi isifanane na yangu. Kisha tutatumiana chupa mbilimbili.

Nilipokuwa napika, jirani wa ukutani alikuja kugonga mlango mbiombio akiuliza kama nyumba inaungua. Nikamwambia ni kimea. Mtu aliyezoea chai atajua nini? Lakini alisimama pale akinitazama kwa namna ambayo mpaka leo sijaielewa.

Msalimie dada yangu.

Mjomba wako

4 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Huku tuko salama. Mama anakusalimu, goti lake linamsumbua asubuhi tu, na anasema ungekuwa karibu ungemtengenezea jiko lake, japo kwa maneno tu. Duka la dawa linakwenda vizuri. Bosi amezidi kuwa mkono wa birika. Ameifungia simu kwa kufuli, hata kumpigia mgonjwa tunaomba ufunguo. Na kwa kuwa kwako hakuna simu, tuendelee na barua zetu hizi zinazotembea kwa magoti. Hongera kwa mjukuu, na hongera kwa bibi harusi wetu.

Makopo yamefika, hayajavuja hata tone. Nilifungua moja jioni ileile. Nilikuwa nimekausha maganda ya machungwa kwa ajili ya bia nyepesi, ila nimebadili mpango. Maganda yote nimeyaweka kabatini, sikutumia hata moja. Badala yake nimekaanga shayiri mpaka ikawa nyeusi kama kahawa, nikaichanganya na msingi wako, na nimetengeneza bia nyeusi, nzito. Itakaa kwenye baridi wiki saba. Niliona msingi wa safari hii unaelekea huko wenyewe.

Mjomba, ulibadilisha chochote? Moto labda, au sufuria? Nauliza tu.

Mpwa wako

22 Aprili

Kipimo,

Hatujambo. Mkaza mjomba amerudi amenenepa, anasema ni maji ya kule. Mwalimu wa hesabu alikuja kula chakula akahesabu ngazi zetu, kisha akanijulisha kuwa moja ni fupi kuliko nyingine. Nilijua. Niliijenga mimi.

Sikubadilisha kitu. Sufuria ni ileile, moto ni uleule. Umenichanganya na hiyo nyeusi yako. Msingi mwepesi kama ule unaelekeaje kwenye weusi? Au duka la dawa limekuzoesha kutilia shaka kila chupa?

Nimekutumia chupa mbili zangu. Ukizifungua, nakuomba kitu kimoja, na usicheke. Usiniandikie kuwa ni nzuri. Kila mtu ananiambia ni nzuri. Wale wenzangu wanne wa karakana walikuja Jumapili, wakasema nzuri sana, Fundi, nzuri sana, halafu wakaomba chai. Watu wazima wanne, Jumapili mchana, wanaomba chai! Glasi zao zilikaa zimejaa mpaka mapovu yakaisha. Nimelifikiria jambo hilo wiki nzima na kichwa kinaniuma.

Kwa hiyo wewe niandikie harufu yake kwanza. Neno kwa neno, kama unavyomsomea mgonjwa karatasi ya dawa. Inanukia kama nini? Ukimaliza harufu, niambie ladha.

Mjomba wako

30 Mei

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mama aliteguka mguu akishuka ngazi za sokoni, nikawa muuguzi kwa wiki tatu. Sasa anatembea na ananung'unika vizuri. Dukani tumehesabu dawa zote upya kwa sababu bosi anaamini kuna mtu anaiba vidonge vya tumbo. Mwizi tumempata. Ni panya.

Chupa zako nimezionja. Umeniomba harufu, nami sielewi kwa nini unaniuliza mimi wakati pua yako ndiyo iliyonifundisha kazi hii. Lakini nitajibu. Inanukia kama ganda la mkate uliokolea tanurini. Kwa mbali kuna moshi kidogo, moshi wa kupendeza, kama wa jiko la kuni lililozimwa. Ladha ni tamu mwanzoni, kisha inakaza. Ni bia yenye tabia yake.

Nakutumia chupa mbili za ile nyeusi. Uniambie nawe bila kunihurumia.

Mpwa wako

18 Juni

Kipimo wangu,

Salamu kwa wote, na umwambie dada yangu ngazi hupandwa kwa kutazama chini.

Barua yako nimeisoma mara tano. Nimemsomea mkaza mjomba, nimemsomea bibi harusi, nimemsomea hata jirani wa ukutani, akatikisa kichwa akaenda zake. Ganda la mkate uliokolea! Moshi wa kupendeza! Basi roho imetulia. Wale wanne wa karakana hawajui bia, wanajua grisi.

Nimeshaamua. Bia ya harusi itakuwa hiyohiyo. Lita mia moja na hamsini, na sitabadilisha hata dakika moja: moto uleule, muda uleule, kila kitu kama nilivyofanya Machi. Nitapika msingi mwishoni mwa Septemba, niuchemshe mpaka uwe mzito, niufungie kwenye madebe, kisha Oktoba nitie hamira.

Nyeusi yako ni nzuri. Tamu, kisha chungu, mapovu mazito yanayokaa juu ya mdomo. Na ile harufu ya maganda ya machungwa umeipatia kabisa, inakuja tu unapofungua kizibo. Umekua, mpwa wangu.

Mjomba wako

7 Julai

Shikamoo Mjomba,

Mama ni mzima. Mimi pia ni mzima, ingawa barua yako imeniduwaza, na tangu juzi natoa dawa nikiwa nimesimama mwili tu, akili haipo.

Mjomba, kwenye ile bia hakuna machungwa. Niliandika kuwa maganda niliyaacha kabatini. Bado yapo, nimekwenda kuyatazama nikidhani labda mimi ndiye niliyechanganyikiwa. Bia ile inanuka shayiri iliyokaangwa, inanuka kahawa. Mtu hawezi kusikia machungwa mle hata akitafuta kwa tochi. Sasa wewe umeyasikia wapi?

Nikajiambia labda unanitania. Lakini wewe bia hutanii. Nikajiambia chupa zilibadilishwa kwenye basi. Na nani? Nimewaza mpaka nimechoka, na kuna jambo moja ambalo mtu wa duka la dawa lazima aulize, hata kama ni mpwa: yale mafua ya Januari yalikwisha yote? Yaani pua ilifunguka?

Na tafadhali, usipike msingi wa harusi kwanza. Nitakueleza sababu.

Mpwa wako

29 Julai

Mpwa,

Sisi wazima.

Mafua yaliisha. Nimesema yaliisha, na mimi si mteja wako wa dirishani. Machungwa au kahawa, vyote ni vya shambani. Nilikuwa na haraka nilipokuwa naandika, basi.

Kimea cha harusi nimeshanunua, magunia mawili yamekaa sebuleni na mkaza mjomba anayazunguka kama mkwe aliyekuja bila taarifa. Unasema nisipike, hutaji sababu. Mtu anaandika nzuri, ina tabia, ina moshi wa kupendeza, kisha anaandika usipike. Nishike lipi? Sikuelewi, na sijazoea kutokukuelewa wewe.

Mjomba

17 Agosti

Shikamoo Mjomba,

Leo sina habari za nyumbani za kukupa. Mama yuko karibu yangu hapa mezani na amekataa nilale bila kuandika barua hii.

Msingi uliungua. Ule wa Machi. Nilipofungua kopo la kwanza, jiko zima lilinuka sufuria iliyosahauliwa motoni. Uliungua kabla hujaugawa, maana bia yako nyepesi ilikuja na harufu ileile, tena mbaya zaidi kwa kuwa haikuwa na pa kujificha. Mama alionja funda moja akasema, "Kaka yangu amepatwa na nini?" Nikamwambia nyamaza Mama, labda amekusudia. Ndivyo nilivyojiambia mwenyewe. Wewe hujawahi kuunguza kitu, kwa hiyo niliona ni mimi nisiyeelewa. Nilitengeneza nyeusi ili shayiri iliyokaangwa imeze ule uunguaji, upotee ndani ya weusi mwingine. Hiyo ndiyo sababu ya bia yangu. Haikuwa ufundi, ilikuwa aibu.

Kisha ukaniuliza harufu neno kwa neno, nami nikakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ganda la mkate! Nilitafuta maneno ya adabu nusu siku nzima. Sikujua kuwa utayachukua ukapikie harusi. Nimekukosea Mjomba, na nimejuta kiasi ambacho siwezi kukipima.

Usiifanye kama ya Machi. Kama pua haifanyi kazi, niambie. Hata kama hutaki kuniambia, usipike peke yako.

Mpwa wako anayekuomba msamaha

20 Septemba

Mpwa wangu,

Mwenye sufuria kubwa niliyoiazima alisema anaihitaji katikati ya Septemba, kwa hiyo nilipika tarehe mbili. Barua yako ilifika tarehe tano. Msingi wote wa harusi ulikuwa umeshakuwa mzito na uko ndani ya madebe mawili, na vifuniko nimevilehemu vizuri kuliko vyote nilivyowahi kulehemu.

Nilikasirika kwanza. Nilikasirika na wewe, na dada yangu, na posta. Kisha nikakata kifuniko cha debe moja, nikamwita mkaza mjomba wako anuse. Hakufika hata karibu. Alisema akiwa mlangoni, "Limeungua hilo. Si nilikwambia siku ulipolipika kuwa jikoni kuna kitu kinaungua, ukasema ni maharage?" Kweli aliniambia. Nami kweli nilisema ni maharage. Siku ile hatukuwa na maharage jikoni. Nilijua, au sikujua? Nimejiuliza wiki mbili na bado sielewi.

Pua yangu imekufa, Kipimo. Tangu yale mafua. Kitunguu, sabuni, mafuta ya taa, sisikii chochote. Ulimi unaniambia tamu, chungu, chumvi, chachu, unaishia hapo. Mwanzoni nilidhani itarudi. Nikadhani mikono inaijua njia, itanifikisha yenyewe. Nilipokwenda kumwona mjukuu, binti yangu aliniinamishia kile kichwa kidogo akasema, "Baba, msikie anavyonukia." Nikasema ndiyo, ananukia. Halafu nikatoka nje nikajifanya natafuta spana kwenye begi, nikakaa huko mpaka macho yakauke.

Sikumwambia mtu. Fundi bomba asiyesikia harufu ya gesi, mpika bia asiyesikia bia, anabaki kuwa nani? Nilitaka wewe uninusie bila kujua kuwa unaninusia. Ndiyo maana niliuliza neno kwa neno.

Mwaka huu watu wote wanaonipenda wamenidanganya, na wewe umo. Wale wanne wa karakana walikunywa chai kwa ajili yangu. Sina hasira tena, nimechoka tu. Lakini kuanzia sasa wewe nataka uniandikie hivi: baya kwanza, salamu baadaye. Kama hakuna baya, anza na salamu nami nitajua.

Sasa niambie ile nyeusi uliifanyaje. Zimebaki wiki kumi na mbili.

Mjomba wako

3 Oktoba

Bia ya dhahabu haitapatikana. Kilichoungua hakitoki, uchuje, uchemshe, usubiri mwaka. Bibi harusi aliyeota glasi za dhahabu mezani itabidi aambiwe, na utamwambia wewe. Mimi siwezi kuja kukusaidia. Bosi amekataa likizo mpaka Januari. Na ile nyeusi yangu uliyoisifu haikuwa nzuri, ilikuwa ya kunyweka tu. Nilitia shayiri ya kukaangwa kidogo mno kwa woga.

Unachoweza kufanya ni hiki. Tumia debe moja tu, jingine limwage leo, usilionee huruma. Pika msingi mpya, mwepesi, usioungua, wa kutosha kujaza nafasi ya lile ulilomwaga, kisha changanya viwili hivyo. Kaanga shayiri mpaka iwe nyeusi lakini isiwe majivu, kilo nane kwa lita zote. Punguza yale maua ya hopi kwa nusu, maana uchungu tayari upo wa kutosha. Tia hamira kukiwa na baridi kidogo, iache wiki mbili, kisha chupa, kisha subira.

Wakati wa kupika, mtu mwenye pua akae karibu na sufuria. Mkaza mjomba hanywi bia, na hiyo ni afadhali, hatavutwa na hamu. Mpe kiti. Akisema inaanza kuungua, inaanza kuungua. Usimwambie ni maharage.

Hilo ndilo baya lote nililonalo. Sasa shikamoo Mjomba. Mama anakusalimu na amelia kidogo, usimwambie kuwa nimekwambia.

Mpwa wako

19 Desemba

Chupa thelathini na nne hazikuguswa. Upande wa bwana harusi karibu wote waliomba soda, na mama yake mwalimu alisema bia ile inamkumbusha dawa ya kikohozi. Bibi harusi hakunisemesha siku mbili nilipomwambia habari ya dhahabu. Hayo ndiyo mabaya.

Mengine ni haya. Nilipoitwa kusema maneno ya baba, karatasi niliyoandika niliiacha mfukoni. Nikawaambia bia mnayokunywa iliungua, na iliungua kwa sababu mimi sisikii harufu tangu Januari, na nilimficha kila mtu pamoja na mke wangu. Kisha yule fundi gari, mmoja wa wale wanne, akasimama glasi mkononi akasema, "Fundi, ile ya Aprili, ulipoingia kuleta chai, nilimwagia ua lako la kwenye kopo pale barazani, nalo likafa." Mwenzake akasema yeye alimwagia ndani ya kiatu chake kuliko kuniumiza roho, akarudi nyumbani mguu mmoja umelowa. Watu walicheka mpaka mwalimu wa hesabu akapaliwa. Nilicheka nami, kisha nikalia palepale mbele za watu, na bibi harusi akaja akanishika mkono, akaomba glasi ya pili. Aliimaliza. Sasa sijui kama aliipenda au alinihurumia, na sikumuuliza.

Daktari wa masikio na pua amenitazama kwa taa yake. Anasema huenda ikarudi, huenda isirudi. Nimemuuliza asilimia, akasema yeye si mwalimu wa hesabu.

Pokea salamu za wote, na mpe dada yangu zake.

Jana nimepika msingi mwingine, mdogo tu, wa kwako na wangu. Makopo mawili yatakuja kwa basi la Jumatatu. Nilipokuwa napika ule wa Oktoba nilimsumbua sana mkaza mjomba wako. Kila aliposema kitu nilimuuliza una uhakika, nusa tena, inanukaje, mpaka akatishia kuondoka na kiti chake. Jana alikaa palepale karibu na jiko akifuma sweta la mjukuu. Msingi ulikuwa unatokota vizuri, rangi nzuri, povu zuri, kwa macho yangu ulikuwa bado nusu saa nzima. Bila kuinua kichwa akasema, "Toa."

Nikatoa.

Mjomba wako